Kuku Hana Kadi: Historia ya Maji Mawili Hapa Nakivale

Wiki hii zamu ya kuandika imeniangukia mimi. Wenzangu wameandika juu ya vita, mipaka na viongozi. Mimi nimeleta historia ya kuku na maji yao ya kunywa. Msicheke kwanza, juu ndani yake mtakuta vita na mipaka pia.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita mama alikuwa na kuku 17. Hao kuku ndio walikuwa pesa ya shule ya mdogo wangu wa kike, yaani muhula ukikaribia wanauzwa watatu au wanne, maisha yanaendelea. Mimi na vijana wenzangu tulikuwa tumefundishwa siku moja tu namna ya kuchanja kuku dhidi ya ule ugonjwa unaoitwa mdondo, wengine wanauita kideri. Tukachanga pesa, tukanunua kichupa cha chanjo, tukakileta ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Tulijua kuna njia mbili: kumtia kila kuku tone moja kwenye jicho, au kuchanganya chanjo kwenye maji yao ya kunywa. Kukimbizana na kuku wa watu asubuhi yote si mchezo, basi tukachagua maji.

Mimi ndiye niliyechota hayo maji. Niliyachota bombani, yale yale yenye harufu ya dawa. Na jerikani niliisugua kwa sabuni mpaka iking'aa, kwa sababu nilitaka kazi yetu iwe safi kama ya hospitali. Siku ile nilijiona daktari.

Mwezi wa nane, wakati wa vumbi na upepo, jogoo wa mama akaanza kuhara majimaji ya kijani. Kesho yake wawili wakakunja shingo kama mtu anayetafuta kitu nyuma yake. Ndani ya siku kumi, katika kuku 17 walibaki wawili. Nyumba tano tulizochanja zote zililia. Mama hakunigombeza hata kidogo, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Alichimba shimo nyuma ya choo, tukawazika, akafagia banda. Mdogo wangu alikaa nyumbani muhula mzima.

Nyumba ya sita ilikuwa ya nyanya mmoja anayekaa mwisho wa mstari wetu. Ni mzee wa siku nyingi hapa, kuliko sisi wote. Siku ya chanjo nilifika kwake na jerikani yangu, akanisimamisha mlangoni. "Mjukuu wangu, hiyo maji ya bomba kuku yangu haikunywake. Pima dawa yako humu." Akanipa chungu chenye maji ya mvua. Nikapima humo ili tusibishane, na rohoni nilisema huyu mzee ana mambo ya zamani. Mwezi wa nane ulipopita, nyanya alikuwa amepoteza kifaranga mmoja.

Najua nyumba moja si utafiti. Labda kuku wake walikuwa mbali na wengine, labda ilikuwa bahati. Lakini tulipomweleza daktari wa mifugo habari yote, swali lake la kwanza halikuwa juu ya kichupa wala barafu. Aliuliza, "Mlitumia maji gani?" Nilipomjibu alinyamaza kidogo, kisha akanieleza taratibu. Chanjo ile ina virusi hai vilivyo dhaifu, na lazima vifike ndani ya kuku vikiwa hai ili mwili wake ujifunze kupigana. Klorini ya bombani kazi yake ni kuua vijidudu, na haichagui. Sabuni iliyobaki ndani ya jerikani nayo inafanya vile vile. Inawezekana kabisa kwamba kuku wa mama walikunywa maji safi sana yasiyo na chanjo yoyote.

Tangu siku hiyo nikataka kujua: maji haya mawili, ya bomba na ya mvua, yametufikia vipi?

Tuanze na la bomba. Kutia klorini kwenye maji ya mji mzima si jambo la kale sana. Mji wa Lincoln kule Uingereza ulianza mwaka 1905 baada ya homa ya matumbo kuua watu, na Jersey City kule Marekani ikafuata mwaka 1908. Lakini klorini ya kambi, ile tunayoijua sisi, ina historia yake, na kwetu Wakongomani wa Kivu haiko mbali. Julai 1994 watu laki kadhaa, wengine wanakadiria karibu milioni moja, walivuka kutoka Rwanda na kuingia Goma ndani ya siku chache. Mama alikuwa msichana mdogo Rutshuru mwaka ule. Ardhi ya Goma ni mawe ya volkano. Kisima hakichimbiki, choo hakichimbiki, hata kaburi halichimbiki. Watu walikunywa maji ya ziwa kama yalivyo, kipindupindu kikaingia, na nyuma yake kuhara damu. Makala ya wataalamu iliyotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1995 ilikadiria kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Mama hapendi kuongelea barabara ile. Anasema tu kwamba walikuwa wamepangwa pembeni, wamefungwa kwenye mikeka, na watoto waliambiwa wasiangalie.

Baada ya aibu ile mashirika yalikaa chini. Mwaka 1997 yakaanzisha mradi unaoitwa Sphere wa kuandika viwango vya chini vya msaada: mtu apate maji lita ngapi, choo kimoja ni cha watu wangapi, bomba liwe umbali gani. Kiwango cha chini kikawa lita 15 kwa mtu kwa siku, na UNHCR wanalenga lita 20, yaani jerikani moja. Na maji yanapotoka bombani yawe bado na klorini kidogo ndani, miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, ili yasichafuke njiani au ndani ya chombo cha nyumbani. Ile harufu tunayoilalamikia ni hicho kilichobaki. Kwa hiyo ndugu zangu, kabla hujasema "hii maji ya dawa inatuharibu tumbo", kumbuka imewekwa humo kwa sababu ya watu wa Goma. Mimi siandiki kuipinga klorini. Watoto wanywe ya bomba.

Ila viwango vile vilihesabu watu. Kuku hakuhesabiwa. Kitabu cha viwango vya mifugo katika dharura, kinachoitwa LEGS, kilitoka mwaka 2009, miaka 12 baada ya Sphere kuanza, na hata leo sijaona bomba lililopangiwa lita za kuku. Kuku mkubwa anakunywa kama robo lita kwa siku, na joto likizidi anakunywa zaidi. Wale 17 wa mama walikuwa wanakunywa lita 4 na zaidi kila siku, ni kama sehemu ya tano ya maji ya mtu mmoja. Nani alikuwa anapunguziwa? Kwetu ilikuwa maji ya kufulia na kuogea, na mara nyingine ya kunywa.

Mnajua wenyewe foleni ya bomba wakati wa kiangazi. Maji yetu yanavutwa kutoka Ziwa Nakivale, yanasafishwa ndipo yaje. Mashine ikiharibika au mafuta yakiisha, jerikani zinapanga mstari tangu usiku. Niliona siku moja mama mmoja amesuuza jerikani yake pale bombani, akamimina ile suuza kwenye sahani ya kuku waliokuwa wakizunguka. Mwenzake akamrukia: "Watoto yetu inalala na kiu, na weye unanywesha kuku?" Walishikana mpaka vijana wakaingilia kati. Jioni mmoja wao alikuja kwetu kuomba chumvi, bado analia, anasema kuku wale ndio dawa za mtoto wake. Sikujua nimpe haki nani.

Sasa tuje kwa nyanya wetu, kwa sababu maji ya mvua yamefika hapa pamoja naye.

Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958 na ikatambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda. Ni moja ya makazi ya zamani kabisa ya wakimbizi Afrika. Nyanya aliletwa akiwa amebebwa mgongoni. Anasema utoto wake wote hakuona bomba. Walikunywa ziwa, na mvua ikinyesha walikinga. Nilimuuliza mlikinga vipi wakati nyumba zilikuwa za nyasi? Akanicheka. Kwenye nyasi maji yanatoka na rangi ya chai na harufu ya moshi, hayo walimwagia mboga. Ya kunywa walikinga kwenye mti. Unachukua jani la mgomba au ganda la shina lake, unalizungusha kwenye mti mkubwa kwa mshazari, unalifunga kwa kamba za mgomba huo huo, na ncha yake unaielekeza kwenye chungu. Mvua inashuka kwenye matawi, inafuata shina, inakutana na jani, inaingia chunguni. Mti mkubwa ukipata mvua nzuri unaweza kujaza mpaka lita 200. Baadaye nilikuta wataalamu wa maji wameandika juu ya njia hii hii ya Uganda katika vitabu vyao, na namba yao ni hiyo hiyo.

Aliyeleta mabadiliko ni bati. Mwingereza Henry Robinson Palmer alipata hati ya ubunifu wa bati la migongo mwaka 1829, na baada ya hapo wakajifunza kulipaka zinki lisile kutu. Kwetu liliingia na reli, misheni na maduka ya Wahindi. Watu wanasifia bati kwa sababu halishiki moto na halivuji. Mimi nadhani kazi yake kubwa ilikuwa hii nyingine: ilikuwa mara ya kwanza mtu wa kawaida kuwa na paa linalotoa maji meupe.

Nyanya alipata bati zake za kwanza baada ya kuolewa nje ya kambi, huko Ankole. Kisha ikaja Oktoba 1982. Wakati wa serikali ya Obote, Wanyarwanda wa eneo la Mbarara walifukuzwa majumbani, wengine walivuka kwenda Rwanda, wengine walisukumwa kurudi kwenye makazi kama Nakivale na Oruchinga. Vijana wengi wa leo hawaijui habari hii, na tunaishi juu ya ardhi yake. Nyanya anasema alitoka na mtoto mgongoni, kuku mmoja kwapani na bati mbili kichwani, na alipofika hapa alizisimamisha kwenye miti minne akazilaza kidogo ili zikinge mvua. Yeye na mtoto walilala chini ya turubai la jirani. Bati zilikuwa za maji. Baada ya 1994 wengi wa kundi lake walirudi Rwanda. Yeye alibaki kwa sababu mume wake amezikwa hapa.

Kuhusu kuku, sababu yake haikuwa ya kidaktari hata kidogo. Mabomba yalipokuja, na kadi, na msimamizi wa foleni, alisema aliona haya. "Ile maji imeandikiwa watu. Kuku hana kadi." Basi akaamua mvua ni ya kuku, na mpaka leo jerikani zao ni zile mbili zenye kitambaa chekundu shingoni.

Chanjo nayo ina safari yake. Ugonjwa huu unaitwa kwa Kiingereza jina la mji wa Newcastle upon Tyne, kwa sababu ulitambuliwa hapo mwaka 1926, mwaka ule ule ulioonekana kisiwa cha Java, Indonesia. Mahali ambapo kuku hawajachanjwa unaweza kuua zaidi ya asilimia 80 ya banda. Chanjo ya LaSota ilitokana na kirusi kilichopatikana Marekani miaka ya 1940, na ni nzuri, lakini inataka friji njia nzima. Niambieni, nani kati yetu ana friji? Ndipo kule Australia, Chuo Kikuu cha Queensland, Profesa Peter Spradbrow na wenzake wakatafuta virusi vinavyovumilia joto kwa ajili ya kuku wa vijijini. Wakapata kimoja wakakiita I-2, na mbegu yake ikatolewa kwa maabara za nchi maskini bila kudai malipo ya hati. Msumbiji na Tanzania zikaanza kuitengeneza zenyewe. Hii ndiyo chanjo ambayo tone lake unaweza kulifikisha kijijini kwa baiskeli, limefungwa kwenye kitambaa kibichi, bila friji ya njiani. Mtu kafikiria jua la barabarani, kafikiria baiskeli, halafu mimi naiua hatua ya mwisho kwa jerikani ya sabuni!

Sasa tunafanya hivi. Tukiweza tunatia jichoni, tone moja kwa kila kuku, kila baada ya miezi mitatu au minne, kwa kuwa njia ya jicho inalinda vizuri kuliko maji. Tunaanza kabla jua halijatoka, kuku wakiwa bado bandani, na kumbe watoto wanaipenda kazi ya kuwashika. Ikibidi maji, ni ya mvua, kwenye chombo cha plastiki au chungu kisicho na sabuni, si cha chuma. Kuku wanalala bila maji, asubuhi wanapewa yale ya chanjo kivulini, wayamalize ndani ya saa mbili hivi, na tunarudia baada ya wiki mbili au tatu. Mwenye maji ya bomba tu ayaache wazi usiku kucha kwenye beseni pana, na akiwa na maziwa ya unga yasiyo na mafuta, atie kidogo kabla ya chanjo yanasaidia kuzima klorini iliyobaki.

Na hesabu ya mvua inanifurahisha mpaka leo. Paa la mama ni mita 4 kwa 5. Mvua ya milimita 10, ambayo hapa msimu ukiwa mzuri si ya ajabu, inaangusha lita 200 juu yake. Ondoa yanayoruka na ya kwanza unayomwaga, unabaki na kama lita 160, jerikani nane. Kuku kumi wanakunywa lita 2 na nusu kwa siku. Mvua moja, miezi miwili. Mfereji tumeukata kwenye bati kuukuu, tumeufunga kwa waya.

Ya kwanza unayamwaga kweli, usifanye uvivu. Njiwa wanakaa juu ya paa, na njiwa anaweza kubeba mdondo huo huo, mbali na vijidudu vingine vya kinyesi. Januari 2017 mafua ya ndege yaliua ndege wa porini pembeni ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, na kuku wa Masaka wakaingia humo. Tangu hapo naogopa kuwaacha kuku kwenye ziwa na madimbwi wanayooga ndege wa porini, na hata la paa sitaki lile vumbi la mwanzo. Chombo kifunikwe, mbu wasizae. Na binadamu akitaka kunywa hiyo mvua, achemshe.

Shangazi yangu yuko Goma. Nilipomtumia sauti kwenye simu kumsifia maji ya mvua, alinijibu kwa kicheko kirefu: wao pale wamekinga mvua maisha yao yote, mawe hayana kisima. Kisha akanikumbusha kitu nilichokisahau. Nyiragongo ikitoa moshi, mvua inashuka na tindikali na floridi, na ndiyo maana watoto wengi wa upande ule wana meno ya madoa ya kahawia. Baada ya mlipuko wa Mei 2021 alimwaga pipa zima. Kwa hiyo wenzetu mnaoishi chini ya mlima ule, msinichukulie neno langu kama lilivyo. Angalieni moshi unaelekea wapi.

Mama ameanza upya na matetea wawili aliowanunua sokoni. Wiki ya kwanza aliwafunga kamba mguuni, unajua tena, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mdogo wangu akauliza, "Na sisi, mama, kamba yetu ilifunguliwa lini?" Mama akasema aende akaangalie kama jerikani imejaa.

Leo wako tisa. Mdogo wangu amerudi shule, yuko nyuma ya wenzake mwaka mmoja. Jana mvua ilinyesha tangu alasiri, nikamwona nyanya kule mwisho wa mstari amesimama mlangoni na kitambaa chekundu mkononi, ananiita kwa kidole nikamsaidie kuinua ya pili, juu ya kwanza ilikuwa imefurika.